Neno la Chini ya Ukurasa

Kitabu cha bibi yangu hakikuwa na jalada. Kilikuwa karatasi tisa tu, zimeshonwa kwa uzi mweupe ambao haukuwa uzi wake wa kwanza, zikaviringwa ndani ya kipande cha kanga na kuwekwa juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto. Siku alipokishusha nilipewa ruhusa ya kutazama, si ya kugusa. Nami nilitazama kwelikweli. Nilikuwa nimeshaanza kusoma chuoni, kwa hiyo herufi nilizijua moja moja, ila zilikuwa zimekaa kwa namna iliyonitatiza, kwa kuwa herufi zilikuwa za Kiarabu na maneno yalikuwa yetu. Kilichonivuta zaidi kilikuwa kitu kidogo. Chini ya ukurasa wa kulia, upande wa kushoto, nje ya mstari wa mwisho, paliandikwa neno moja peke yake, limeinama kama mtu anayechungulia dirishani. Nikadhani mwandishi alilisahau, akalibandika baadaye. Bibi akaniwekea kidole juu ya ukurasa wa kushoto: neno lile lile ndilo lililouanza.

"Hilo la kukushika mkono, mjukuu wangu," alisema. "Usianguke ukivuka."

Miaka mingi baadaye, nilipopata nafasi ya kuinamia hati za zamani za Lamu na Pate, nilikuwa nikilikuta neno lile la chini na kufurahi kama aliyekutana na jamaa ugenini. Waandishi wa ulimwengu mzima wa Kiislamu walilitumia. Kitabu cha mkono kwa kawaida hakikuwa na nambari za kurasa. Karatasi zilipotoka kwa mwandishi kwenda kwa fundi wa kujalidi, au uzi ulipokatika miaka hamsini baadaye na upepo wa kaskazi ukapita sebuleni, neno hilo ndilo lililoiambia kila karatasi jirani yake ni nani. Ukurasa wa kushoto haukuwekewa neno la namna hiyo, kwa sababu unaoufuata ni mgongo wa karatasi ile ile, na karatasi haiwezi kupotezana na mgongo wake. Mtu alikaa akalifikiria hilo. Alijua wapi kitabu kinaweza kuachana, akaweka kiungo pale pale, wala si mahali pengine. Na kwa anayesoma kwa sauti mbele ya watu, neno hilo lilikuwa na faida nyingine, ile aliyoijua bibi: jicho linapopanda kutoka chini ya ukurasa mmoja hadi juu ya wa pili, ulimi umeshapewa cha kushika, na sauti haikatiki.

Tangu hapo kila hati ninayoiona naitazama kwa jicho hilo. Natafuta mahali mwandishi alipomfikiria mtu ambaye hatamwona.

Watu wa Pwani waliita kitabu chuo. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya zamani inataja mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728, na ambao Bwana Mwengo bin Athumani aliutunga Pate, unajulikana mpaka leo kwa jina la Chuo cha Herekali. Mahali pa kusomea pakaitwa chuoni, kwenye kitabu, na mtu aliyezama katika elimu akaitwa mwanachuoni. Baadaye neno likahamia kwenye majengo, na leo ukimwambia kijana kwamba umebeba chuo mkononi atashangaa. Mimi napenda kulikumbuka lilipotoka, kwa sababu linaonyesha kilichotangulia. Kitabu kilikuwapo kwanza, watu wakakizunguka, na kule kukizunguka ndiko kulikozaa shule.

Anayetaka kuiona kazi ya mkono ilipopea na aitazame misahafu ya Siyu. Siyu ni mji wa kisiwa cha Pate, na leo wageni wengi huujua kwa ngome yake. Katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi: waliochonga viti, waliofua panga, walioshona viatu na mikanda ya ngozi, na walionakili vitabu na kuvijalidi. Ngozi na kitabu havikukaa mji mmoja kwa bahati. Jalada kwa asili yake ni ngozi. Neno lenyewe lina mzizi mmoja na jeledi. Jalada la mtindo wa Kiislamu lina kipande cha ziada kinachotoka upande mmoja, kikazunguka ukingo wa kurasa na kuingia chini ya upande wa pili, na Waarabu wanakiita ulimi. Ukikifunga kitabu, ulimi unaziba pale vumbi lingepita. Fundi wa Siyu aliyejua kukunja ngozi ya ala ya kisu bila kuivunja aliweza pia kuukunja ulimi huo ukafungwa na kufunguliwa maelfu ya mara.

Ndani ya jalada, ukurasa wenyewe. Wino mweusi kwa matini, mwekundu na wa manjano kwa fremu na mapambo. Vituo vya aya ni viduara vidogo. Pembeni pana alama za kugawa juzuu 30, ili anayesoma kidogo kidogo ajue alipoachia, na katika baadhi ya misahafu hiyo pana maelezo marefu ya tofauti za visomo, yakipanda na kushuka kandokando ya fremu kama mizabibu. Kurasa mbili za mwanzo hupambwa kuliko nyingine zote, kwa misuko na maua ya pembe pembe. Ukiitazama michoro hiyo kisha ukasimama mbele ya mlango wa kuchonga au ukuta wa plasta wa nyumba ya zamani ya Lamu, utaona kwamba mikono ni ya ukoo mmoja. Mwandiko nao hautafuti kufanana na wa Istanbul au Cairo. Ni mnene, umekaa chini, haukimbii, na mwalimu akiketi na wanafunzi watatu mbele ya msahafu mmoja, wote watatu wanaona.

Karatasi zilitoka mbali. Nyingi zilikuwa za Ulaya, na zile zilizotengenezwa Italia kwa ajili ya masoko ya nchi za Kiislamu zilibeba alama ya miezi mitatu miandamo ndani yake, ambayo haionekani mpaka uiinue karatasi dhidi ya mwanga. Karatasi haikuandikwa jinsi ilivyokuja. Desturi ya waandishi ilikuwa kuipaka wanga, kuikausha, kisha kuisugua kwa jiwe laini au kombe la pwani mpaka ing'are na kalamu iteleze. Baada ya hapo, mistari. Waandishi walikuwa na kibao chenye nyuzi zilizokazwa sambamba. Karatasi ililazwa juu yake na kupapaswa kwa kidole, nyuzi zikaacha mifuo hafifu, na kila ukurasa ukapata mistari sawasawa bila tone la wino. Kifaa hicho Waarabu wanakiita mistara, jirani wa karibu sana wa mstari wetu. Ukilaza hati ya namna hiyo chini ya taa ya pembeni, mifuo inajitokeza mpaka leo. Hicho ni kitu nisichochoka kukitazama: nyuzi zimeoza zamani, kibao kimepotea, na alama yake bado inabeba maneno.

Kalamu ni utete uliokaushwa, ncha yake ikakatwa kwa mshazari na kupasuliwa katikati ili wino ushuke taratibu. Kukata kalamu kulikuwa nusu ya kazi. Upana wa ncha ndio uliopima kila kitu. Tangu zama za Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, walimu wa khati walifundisha kwamba herufi ipimwe kwa nukta ya kalamu inayoiandika: unakandamiza kalamu mara moja, unapata nukta ya pembe nne, na kwa nukta hizo unajua alifu isimame kiasi gani na tumbo la nun lishuke wapi. Kwa hiyo kila kalamu inazaa ulimwengu wake wenye vipimo vyake. Sidai kwamba kila mnakili wa visiwani alihesabu nukta. Ila jicho lililozoea halihesabu. Linajua tu kwamba hii alifu ni fupi.

Wino wa masizi, yaliyokusanywa juu ya taa na kusagwa pamoja na utomvu wa mgunga na maji, ulikuwa na tabia mbili njema. Haupauki, na hauli karatasi. Wino wenye chuma ndani yake unakuja mzuri na mweusi, kisha baada ya miongo unaanza kuitafuna karatasi kutoka ndani. Nimeona kurasa ambazo herufi zimedondoka zikaacha matundu ya umbo lake, kama kitambaa cha darizi. Wino wa masizi unakaa juu ya karatasi kama vumbi lililotulia. Ndiyo maana kosa liliweza kufutwa kwa kidole chenye maji, na ndiyo maana ubao wa mtoto wa chuoni ulioshwa leo ukaandikwa kesho. Tabia ile ile iko ndani ya kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zinaoshwa, na mgonjwa anayanywa yale maji. Katika dunia hiyo, andiko lilikuwa kitu kinachoweza kuingia mwilini mwa mtu.

Na kosa ambalo halikufutika? Hapa ndipo ninapowapenda wanakili kuliko mahali pengine. Aliyeruka neno hakulificha. Aliweka alama ndogo pale lilipopaswa kuwa, akaliandika pembeni, na mbele yake akaandika sahha, kwamba hili ni sahihi, ni sehemu ya kitabu, si maoni ya mpita njia. Nakala ilipokwisha ilisomwa upya pamoja na asili yake, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatisha kwa jicho, na walipoahirisha kazi, kwa sala au kwa usiku, waliandika pembeni balagha, yaani imefikia hapa. Neno hilo ndilo mzizi wa kubaleghe kwetu. Ukikuta balagha tano katika kitabu kimoja, umekuta vikao vitano vya watu wawili waliokaa uso kwa uso, na unajua wapi waliinuka.

Yote hayo ni kwa kitabu cha Kiarabu. Kuandika Kiswahili kwa herufi zile kulikuwa kazi ya namna nyingine, na imesemwa vibaya mno na watu wengi. Alfabeti ya Kiarabu haina p, haina ch, haina v, haina g ya gari. Irabu zake fupi ni tatu, zetu ni tano: alama moja ya juu ikabeba o na u, alama moja ya chini ikabeba e na i. Waandishi wa zamani, tena, mara nyingi hawakuandika m au n iliyotangulia konsonanti nyingine. Chukua basi be yenye dhuma na dali yenye fataha. Herufi mbili tu. Unaweza kusoma punda. Unaweza kusoma ponda. Unaweza kusoma bunda, na bonda vilevile, na hakuna hata moja lililoandikwa kinyume cha desturi.

Walioibeza hati hiyo kwa sababu hiyo, wakasema Kiswahili kilivaa nguo isiyo yake, walidhani kitabu kinasomwa kama wanavyosoma wao, kimya, na mtu mmoja, kwa mara ya kwanza. Utendi haukusomwa hivyo. Ulisomwa kwa sauti, kwa mahadhi, na mtu aliyekwisha kuusikia kabla hajauona. Maana ilimwambia ni punda au ni ponda. Mizani minane ya kipande ilimwambia silabi ngapi zimebaki. Vina vilimwambia neno liishie wapi. Mwandishi alimwachia msomaji nafasi kwa sababu aliujua uwezo wake. Nakiri kwamba nafasi hiyo ina gharama. Msomaji mjuzi alipofariki bila mwanafunzi, yapo maneno katika hati zetu yaliyobaki yamefunga midomo, na wataalamu wawili wanayasoma kwa njia mbili. Wapo pia waliotaka kuziba mianya: waliongeza nukta tatu kwa p na ch kama wanavyofanya Waajemi, na mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walitoa mapendekezo kamili ya kuandika kila sauti ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ni kazi nzuri. Ilikuja wakati watoto wetu walikuwa wameshahamia herufi za Kilatini.

Lakini tazama ukurasa wa utendi ulivyopangwa, kama mwandishi ni hodari. Ubeti mmoja ni mstari mmoja. Vipande vinne vinakaa kutoka kulia kwenda kushoto, kila kimoja katika safu yake, na kati ya safu na safu kuna pambo dogo, mara nyingi jekundu, la kumwambia msomaji pumua hapa. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, kinachobadilika kila ubeti. Kipande cha nne kina kina kimoja kutoka mwanzo wa utendi hadi mwisho, hata kama beti ni zaidi ya 1,100 kama za Tambuka. Kwa hiyo ukingo wa kushoto wa ukurasa, kutoka juu hadi chini, unaishia na herufi zile zile, mstari baada ya mstari, kama pindo la kanga. Mtu asiyejua kusoma hata neno moja anaweza kuiona bahari ya utendi, yaani kina hicho cha mwisho, kwa macho. Sijui kitabu cha chapa ambacho kimewahi kuupanga utendi kwa uzuri huo. Tunavipanga vipande vinne wima, kimoja chini ya kingine, na lile pindo linapotea.

Mkono uliojua mpango huo kuliko mingine ya zama zake ulikuwa wa Muhamadi bin Abubakari Kijuma, aliyezaliwa Lamu yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi, mchonga mbao na mpiga kinanda, na ukizitazama hati zake unaona kwamba hakuyatenga mambo hayo. Mapambo ya vichwa vya tenzi zake yana ukali wa ukingo ambao ni wa patasi. Safu zake zinapumua kama mtu anayejua wimbo utaingia wapi. Mwaka 1913 alitunga Utendi wa Fumo Liyongo, akiyaweka katika beti masimulizi yaliyokuwa midomoni mwa watu. Wataalamu waliotaka hati za Kiswahili, Alice Werner na William Hichens wa Uingereza, Ernst Dammann wa Ujerumani, walimtegemea yeye, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya mikono yake leo iko London na Ujerumani. Nimewasikia watu wakilia juu ya hilo. Mimi nina huzuni yangu pia, ila nikikumbuka unyevu wa chumvi wa kisiwa kile na mchwa wake, nashukuru kwamba zipo.

Mombasa palikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Mshairi Muyaka bin Haji alikuwa amefariki tangu mwaka 1840, na mashairi yake yalikuwa yametawanyika vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyatafuta, akayaandika kwa hati ya Kiarabu, akaeleza maneno magumu na visa vilivyoyazaa, akifanya kazi pamoja na mmisionari William Taylor. Kila anayemtaja Muyaka leo, darasani au kwenye baraza la kahawa, anakunywa katika kisima hicho. Kunakili kitabu ni kugumu. Kunakili kumbukumbu za mji mzima kabla wazee hawajaondoka kunataka subira ya aina nyingine, ya kuketi, kusikiliza, kurudi kesho, na kusikiliza tena.

Wanakili wa tenzi, lazima niseme, hawakuwa watumwa wa nakala. Mwandishi wa Lamu aliyepata utendi wa Pate aliweza kubadilisha neno likae kinywani mwa watu wake, na aliyeona ubeti unalegea aliukaza. Wahariri wa siku hizi wanalalamika. Lakini mtu huyu huyu akinakili msahafu hathubutu kugusa hata nukta. Alijua kitabu gani kimeshushwa na kitabu gani ni cha watu, na akakipa kila kimoja adabu yake.

Maktaba zilikuwa wapi? Nyumba za mawe za Lamu zina vidaka, vishimo vya plasta vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, na humo, pamoja na sahani za kaure, kitabu kilipata mahali. Kilipotaka kusomwa kiliwekwa juu ya marufaa, kibao kinachochongwa kutoka mti mmoja, kikapasuliwa na kukunjuliwa kama mbawa bila msumari wala gundi. Lakini nguvu ya maktaba hizo haikuwa ukutani. Ilikuwa katika ukurasa wa kwanza, palipoandikwa kwamba kitabu hiki ni wakfu: hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Kwa mistari miwili kitabu kilitoka katika mali ya mtu kikawa cha wasomaji wa msikiti fulani, na cha watakaozaliwa. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioanzishwa na Habib Swaleh, una hati zaidi ya mia moja zilizokusanyika hivyo, na zimepigwa picha moja moja ili mtu wa Muscat au Toronto azifungue bila kuzigusa. Dar es Salaam, Chuo Kikuu kina hazina yake, iliyokusanywa zaidi miaka ya 1960 wakati J. W. T. Allen alipozunguka miji ya Pwani akiomba kuona kilichomo sandukuni.

Mwisho wa kazi hii ulikuja bila kishindo. Misahafu ya chapa ya Bombay na Cairo ikashuka bandarini kwa bei ambayo mnakili asingeweza kushindana nayo. Sultan Barghash akaleta matbaa Unguja, yapata mwaka 1880. Shule za serikali zikafundisha herufi za Kilatini, na baada ya mwaka 1930 kamati ya lugha ikasanifisha maandishi hayo. Aliyepata kitabu cha bei nafuu alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Kitu kimoja ninachokikosa katika vitabu vya chapa vya leo ni mwisho wa kitabu. Mnakili alipofika ukurasa wa mwisho aliipunguza mistari, kila mmoja mfupi kuliko uliotangulia, mpaka maneno yakakaa kama tanga lililopinduliwa, na ndani ya tanga hilo akaandika siku, mwezi, mwaka wa Hijria, na jina lake, akijiita fakiri mbele ya Mola wake. Akamwomba msomaji amwombee dua, na akiona kosa alitengeneze. Wanakili wengi tunawajua kwa pembe tatu hiyo tu.

Kitabu cha bibi hakikuwa nayo. Kilikuwa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mama mgonjwa anamwita mtoto asogee, akae, aje na wino na karatasi, kwa maana ana maneno ya kumpa. Kwa hiyo utendi huu tangu beti zake za mwanzo umembeba mwandishi wake ndani yake: msichana ameketi, kalamu mkononi, anamsikiliza mama. Nani alikinakili kile cha bibi hatukujua kamwe. Karatasi za mwisho zilikuwa zimekwenda, na jina lilikwenda pamoja nazo.

Alikuwa akikisoma baada ya sala ya alasiri, ameketi mkekani, nami nikiwa upande wake wa kushoto ili nione. Hakukisoma kimya hata siku moja. Kidole kilitembea chini ya mstari, kulia kwenda kushoto, kikatulia kwenye mapambo mekundu yaliyokuwa yamepauka yakawa rangi ya kutu, na sauti yake ikatulia pamoja nacho. Alipofika mgongo wa karatasi ya tisa, ukurasa wa kulia, alishuka mstari kwa mstari hadi chini kabisa. Pale, pembeni, lilikuwapo lile neno lililoinama. Upande wa kushoto palikuwa na kanga tu.

Alilisoma lile neno. Kisha, bila kuinua kidole, akaendelea.